BAADA YA HARAMBEE: KUMTUNZA NYUMBANI MTU ALIYEPASULIWA MOYO

(Mazungumzo yetu na viongozi wa vikundi vya kujisaidia katika siku ya mafunzo)



Tumeombwa tuzungumze juu ya kumtunza mtu nyumbani baada ya kupasuliwa moyo. Ombi lilitoka kwa kikundi kimoja kilichofanya harambee mbili na kuuza mbuzi wa kikundi, hata msichana wao wa miaka 17 akapelekwa hospitali kubwa, akawekewa valvu mpya. Alirudi salama. Mweka hazina akasoma hesabu, watu wakapiga makofi, kitabu kikafungwa. Wiki mbili baadaye mama yake msichana alikuja kwetu na swali moja: "Sasa nifanye nini?"

Sisi tunaofanya kazi ya jamii tunaliona jambo hili mara kwa mara. Vikundi vyetu vinajua kuchanga pesa za kumpeleka mgonjwa hospitali. Kuchangia mazishi tunajua hata zaidi. Lakini mtu akirudi kutoka hospitali akitembea kwa miguu yake mwenyewe, tunasema ya Mungu ni mengi, tunarudi kwa mambo ya kuku na mikopo. Kumbe kazi ya kikundi ndiyo inaanza siku hiyo.

Labda wengine wenu mmesikia habari za mtu kutolewa moyo wake mzima na kuwekewa wa mtu mwingine aliyefariki. Jambo hilo lilifanyika mara ya kwanza Desemba 1967 huko Cape Town, Afrika Kusini, na daktari Christiaan Barnard. Mgonjwa wake, Louis Washkansky, aliishi siku 18. Moyo mpya ulikuwa unapiga vizuri. Kilichomwua ni nimonia, maana dawa za kuzuia mwili usiukatae ule moyo zilikuwa zimepunguza nguvu za mwili za kupigana na magonjwa. Mgonjwa wa pili wa daktari huyo, Philip Blaiberg, alifanyiwa upasuaji Januari 1968, akaenda nyumbani, akaishi zaidi ya mwaka mmoja na nusu. Tunataja watu hawa kwa sababu moja. Tangu mwanzo ilionekana kwamba kisu cha daktari kinafanya sehemu yake kwa saa chache, halafu mambo yanabaki kwa dawa, chakula, usafi na watu walio karibu na mgonjwa, siku zote za maisha yake.

Huku kwetu vijijini ugonjwa tunaoukuta zaidi kwa vijana ni ule wa valvu, yaani milango midogo ndani ya moyo inayofunguka na kujifunga ili damu iende mbele isirudi nyuma. Mtoto anaumwa na koo, hatibiwi, baada ya wiki mbili tatu viungo vinavimba na kuuma, homa inapanda. Inaisha, tunasahau. Ikirudi tena na tena inaacha makovu kwenye milango ya moyo, na miaka baadaye msichana hawezi kupanda kilima bila kuhema. Mlango ukiharibika sana, madaktari wanautengeneza au wanaweka mwingine.

MIEZI MITATU YA KWANZA

Ili daktari aufikie moyo, mara nyingi anapasua mfupa wa katikati ya kifua kutoka juu mpaka chini, kisha anaufunga kwa waya. Ngozi ya juu inapona upesi, na hapo ndipo watu wanadanganyika. Kidonda kimekauka, msichana anacheka, basi watu wanaona amepona. Mfupa ule unahitaji kama wiki 6 hadi 12 ushikane vizuri, sawa na mkono uliovunjika, tofauti ni kwamba mfupa huu huwezi kuufunga plasta, na unasukumwa kila anapopumua na kukohoa.

Kwa hiyo tuzungumze juu ya maji. Mtungi wa lita 20 una kilo 20. Mtu huyu kwa wiki zile za kwanza hatakiwi kuinua kitu kizito kuliko birika la chai. Hachoti maji kisimani. Habebi kuni mgongoni, hatwangi, halimi, hafui blanketi, habebi mtoto wa dada yake hata akilia namna gani. Asivute ng'ombe kwa kamba. Asijivute kwa mikono akitaka kuinuka kitandani: ageuke ubavu, ateremshe miguu, ndipo ainuke pole pole. Akitaka kukohoa akumbatie mto au leso iliyokunjwa kifuani. Na akohoe kweli, asiogope, kwa sababu makohozi yakikaa mapafuni ndiyo yanaleta nimonia.

Sasa nani atachota yale maji? Hapa ndipo tunapotaka viongozi wasikie. Katika boma nyingi tunazotembelea, mgonjwa ndiye alikuwa mchota maji kabla hajaugua. Akirudi, siku tatu za kwanza watu wanamhurumia. Wiki ya pili shosho ananung'unika kwamba wasichana wa siku hizi ni wavivu. Wiki ya tatu mgonjwa mwenyewe anaona aibu, anashika mtungi. Hakuna mtu aliyemlazimisha. Ni aibu tu. Tunaona afadhali kikundi kiandike zamu kwenye karatasi, fulani Jumatatu, fulani Jumanne, karatasi ibandikwe nyumbani kwa mgonjwa ili hata shosho aone kwamba ni agizo la kikundi. Wiki 12 si nyingi kwa watu 20. Tena wanaume waandikwe pia. Wana mikono na baiskeli.

Kutembea ni lazima, kitanda si dawa. Siku za kwanza afike mpaka kwenye lango. Kisha kwa jirani. Baada ya mwezi afike dukani na kurudi, akipumzika njiani. Kama anaweza kutembea huku anaongea, mwendo huo ni sawa. Akishindwa kumaliza sentensi, apunguze. Boda boda aziache mpaka mfupa ushikane. Njia zetu mnazijua. Jikoni kwenye moshi wa kuni asikae, na chumvi mezani ipunguzwe, kwa sababu chumvi inashika maji mwilini na kuuchosha moyo.

Kidonda kioshwe kwa sabuni na maji safi, kikaushwe kwa kitambaa safi. Basi. Majivu, mafuta ya kupikia, majani yaliyosagwa, hivyo vyote vikae mbali.

Neno dogo juu ya wageni. Tunajua kikundi kinapenda kwenda chote pamoja na kuimba. Lakini watu 30 ndani ya nyumba ndogo, wengine na kifua, si msaada. Waende wawili, wanawe mikono, wakae dakika 20, waache unga na sukari. Na mkimkuta analia bila sababu, msimkemee. Watu wengi waliopasuliwa moyo huzama katika huzuni wiki za kwanza. Wengi hutoka wakiongeleshwa, lakini huzuni ikikaa majuma na hali wala halali, itajwe kliniki kama ugonjwa mwingine wowote.

DAWA YA JIONI

Valvu mpya ni za namna mbili. Moja imetengenezwa kwa tishu ya mnyama. Hiyo mara nyingi haihitaji dawa ya damu maisha yote, lakini huchakaa, na kwa kijana huchakaa upesi zaidi. Nyingine ni ya chuma na kaboni, hiyo inadumu sana. Usiku kukiwa kimya unaweza kuisikia ikilia ti, ti, ti kama saa ya mkononi. Waelezeni watoto wa boma hilo mapema, wasije wakaanza kusema mambo mengine.

Tatizo la valvu ya chuma ni kwamba damu ikiigusa inataka kuganda. Bonge dogo la damu likishika pale, mlango unakwama, au bonge linasafiri mpaka kwenye ubongo na kuleta kiharusi. Kwa hiyo mgonjwa anapewa dawa inayoitwa warfarini, kila siku, saa ile ile, na wengi huambiwa wanywe jioni. Hanywi mpaka apone. Anakunywa mpaka mwisho wa maisha yake.

Miaka kadhaa iliyopita tulimzika kijana wa kike wa miaka 19. Alikuwa amemaliza mwaka mmoja na nusu tangu upasuaji, amenenepa, ameanza kazi ya ushonaji. Dawa zilipokwisha nyumbani hakukuwa na nauli, akasema atakwenda mwezi ujao. Mwezi ujao ukapita, naye alijisikia vizuri. Kikundi kilichotoa maelfu ya shilingi kwa upasuaji wake hakikujua kwamba alikuwa amekaa wiki saba bila tembe hata moja. Asubuhi moja alishindwa kupumua, akafa njiani kabla hajafika hospitali. Mkutano wa mazishi ulikusanya pesa za kununua dawa zake kwa miaka mingi. Hatusemi haya ili kulaumu wafiwa. Tunasema kwa sababu hakuna aliyekuwa amepewa kazi ya kumwuliza kila mwezi: una dawa?

Basi kila mgonjwa awe na mtu wake katika kikundi. Mtu huyo aangalie kalenda ya ukutani, ambapo mgonjwa anaweka alama kila jioni akishameza. Akisahau na akakumbuka kabla ya kulala, ameze. Akikumbuka kesho yake, asimeze mara mbili kufidia. Aendelee na ya siku hiyo na aandike. Rangi ya tembe inaweza kubadilika kutoka kampuni moja hadi nyingine, kwa hiyo asome miligramu, asiamini rangi.

Dawa hii haina kipimo kimoja kwa watu wote. Ikizidi, mtu anatoka damu. Ikipungua, damu inaganda. Ndiyo maana kliniki inapima damu kwa kipimo kinachoitwa INR. Kwa mtu asiyetumia dawa hii huwa karibu 1. Kwa mwenye valvu ya chuma madaktari mara nyingi wanataka iwe kati ya 2 na 3.5, kutegemea ni valvu gani. Mwanzoni anapimwa mara nyingi, baadaye akitulia pengine mara moja kwa mwezi. Muulizeni mgonjwa wenu namba yake ni ngapi. Kama hajui, mjue kuna kazi.

Halafu sukuma wiki. Mboga za majani, yaani sukuma wiki, managu, terere, kunde, zina vitamini K kwa wingi, na vitamini hiyo inapunguza nguvu ya warfarini. Kwa hiyo wengine wanarudi nyumbani wameambiwa, au wamesikia wanaambiwa, ati wasile mboga kabisa. Si hivyo. Ale, ila ale kiasi kile kile wiki baada ya wiki, na dawa itapimwa kufuatana na chakula chake. Shida yetu ya kijijini ni majira. Mvua ikinyesha tunakula mboga asubuhi na jioni, INR inashuka. Kiangazi kikija shamba linakauka, tunakula ugali na maharagwe, namba inapanda na fizi zinaanza kutoka damu. Kikundi chenye bustani ya magunia au maji ya bomba kinaweza kumsaidia mtu huyu kwa kumpa fungu lile lile la mboga mwaka mzima. Huo nao ni utabibu. Na majira yakigeuka, aende kupimwa mapema.

Dukani asinunue aspirini, ibuprofeni wala diklofenaki bila ruhusa ya daktari wake. Septrin na Flagyl, ambazo watu wananunua kama peremende, zinaweza kuipandisha INR sana. Rifampisini ya kifua kikuu inaishusha. Kabla hajadungwa sindano yoyote au kung'olewa jino aseme: ninatumia warfarini na nina valvu ya chuma. Kwa jino kuna dawa anayopewa kwanza, ili viini visipite kwenye damu vikakaa kwenye valvu. Pombe ya kienyeji na dawa za mitishamba hazipatani na tembe hizi. Na panga alishike kwa uangalifu, maana akijikata damu inachelewa kukatika.

Wapo wanaombewa kisha wanaambiwa waonyeshe imani kwa kutupa dawa. Mwombeeni mgonjwa, nasi tunaomba pamoja nanyi. Lakini valvu ile ni ya chuma, iliwekwa na mikono ya watu, na inataka dawa yake jioni hiyo hiyo mliyomwombea.

MFUKO MDOGO

Turudi kwa ile harambee. Bima ya NHIF tuliyoizoea ilifungwa, na tangu Oktoba 2024 kazi yake iko chini ya SHA. Familia iandikishwe huko na iulize hospitali mapema ni gharama gani zinalipwa. Lakini hakuna bima inayolipa nauli ya matatu. Fanyeni hesabu wenyewe. Tuseme nauli mpaka kliniki ni shilingi 400 kwenda na 400 kurudi. Mgonjwa na mwenzake ni shilingi 1,600. Kikundi cha watu 32, kila mmoja akitoa shilingi 50 kwa mwezi, kimemaliza nauli. Weka kidogo juu yake kwa kipimo na tembe. Ushauri wetu ni kwamba siku ya harambee ya upasuaji kikundi kitenge sehemu ya pesa za mwaka wa kwanza nyumbani, na isiguswe hata hospitali ikiongeza bili. Kuna watakaopinga, watasema kwanza tuokoe maisha. Waambieni haya nayo ni maisha.

Mgonjwa mwenyewe akipata nguvu, baada ya miezi mitatu minne na kwa ruhusa ya daktari, apewe kazi ya kukaa ya kikundi: kuandika kumbukumbu, kuuza mayai, kushona. Anachoka kuwa mtu wa kuhurumiwa.

Jambo la ndoa tuliseme wazi. Warfarini inaweza kumdhuru mtoto tumboni, hasa miezi mitatu ya kwanza, na mimba yenyewe ni mzigo kwa moyo. Lakini kuacha dawa ghafla kwa sababu ya mimba kunaweza kumwua mama. Kwa hiyo bibi na bwana wakazungumze na daktari kabla mimba haijaingia. Akichelewa mwezi, aende kliniki wiki hiyo hiyo. Wakwe waelezwe, na waelezwe na mtu wanayemheshimu.

Kuna dalili ambazo hazingoji siku ya kliniki wala mkutano wa kamati. Mdomo kwenda upande, mkono kulegea au maneno kukwama. Kushindwa kupumua akilala chali, au miguu kuvimba. Choo cheusi kama lami, damu ya pua isiyokatika, kuanguka na kugonga kichwa hata kama hana kidonda. Homa ya siku mbili. Usaha kifuani, au mfupa kusikika ukilia anapogeuka. Na ule mlio wa valvu ukififia au ukinyamaza, mtu asilale nao. Mwenye gari kijijini aongeleshwe leo, kabla ya usiku huo.

Na wale watoto wengine wa boma je? Mgonjwa aliyepata ugonjwa huu kutokana na koo kwa kawaida anaendelea na sindano ya penisilini kila wiki tatu au nne kwa miaka mingi, hata baada ya upasuaji, ili ugonjwa usirudi kwenye milango iliyobaki. Sindano inauma, vijana wanaikwepa. Mtu wake wa kikundi aandike tarehe hiyo pia. Na mtoto yeyote kati ya miaka 5 na 15 akiumwa na koo pamoja na homa, asipewe maji ya chumvi tu na kungojwa. Apelekwe dispensari, na dawa akipewa azimalize zote hata kama koo limenyamaza siku ya pili. Dozi ya koo haifiki hata bei ya kuku mmoja.

Tumeongea vya kutosha. Chai iko tayari, lakini kwanza maswali. Yule mama wa pale nyuma ameinua mkono tangu tulipotaja wakwe, tuanze na yeye.